Kumtafuta Mama Ndani ya Hedifoni

Kaliua, 9 Juni 2024

Kaka yangu Leodgar,

Tumsifu Yesu Kristo, kisha shikamoo. Huku tuko wima kwa neema ya Mungu. Baba Advera goti bado linamsumbua, lakini shamba anakwenda na kurudi. Karanga tumevuna, tumbaku mwaka huu tumeipumzisha. Na habari kubwa ni kwamba Advera amejifungua mtoto wa kike salama, nao wamempa jina la Mama, Imakulata. Nilipoambiwa nilikaa chini kwenye kinu nikalia kidogo, halafu nikaenda kuchemsha maji.

Habari hiyo nilitaka uisikie kwa mdomo wangu. Nimekupigia, nimekupigia. Kila siku anapokea binti yako Julieth: "Shangazi, baba yuko bafuni." Kaka, umekuwa kambare?

Mzigo wako ulifika kwa basi, bila barua. Kisanduku cha chuma, kidogo lakini kizito kama kimejaa misumari, kina kirungu kimoja cha kuzungusha. Julieth akanieleza kuwa ni amplifaya. Nikashangaa umejuaje, maana amplifaya ya kigango chetu iliungua tangu Kwaresima na Katekista Adriano anahubiri kwa koo tupu. Basi, Jumapili ile ilikuwa ya Mavuno, na unajua Shangazi alivyotulea: kitu kipya kikiingia nyumbani, cha kwanza ni cha Bwana. Nikakibeba hadi altareni, mbele yangu kuku, nyuma yangu mahindi.

Ibada ilipokwisha Katekista akasema ni kidogo mno kwa zile spika za kanisani, kikapigwa mnada nje pamoja na matoleo mengine. Kimechukuliwa na Ngollo kinyozi. Vigelegele vilipigwa, na wewe ukaombewa kwa jina. Mungu akurudishie maradufu.

Dada yako,
Apolinaria


Ukonga, Dar es Salaam, 30 Juni 2024

Mdogo wangu Apolinaria,

Milele amina, na marahaba. Hongera kwa mjukuu. Jina hilo nimelisoma kwenye barua yako nikalirudia kwa sauti hapa sebuleni hadi Julieth akaja kuuliza nani kafika. Sisi wazima. Julieth anafundisha shule ya hapa karibu. Mimi, tangu nistaafu kuendesha treni, nalala mpaka jua litoke, na bado mwili unashtuka alfajiri kama nimechelewa zamu.

Sasa keti. Kisanduku kile hakikuwa cha kigango. Kilikuwa cha masikio yako. Kosa ni langu, niliweka mzigo mbele na barua nyuma.

Mwaka jana sista mmoja alikuwa anapanga vitu vya kale vya misheni yetu. Akakuta mkanda ambao padri aliurekodi Pasaka ya mwaka sabini na tatu. Kwaya nzima, na Mama yumo. Wewe ulikuwa hujatembea, na mwaka uliofuata tukamzika. Sista aliuhamishia kwenye kompyuta akanitumia. Niliusikiliza kwa simu: uji. Watu wote wamekorogwa pamoja.

Nikanunua hedifoni, zile kubwa wanazovaa watengeneza muziki, zinafunika sikio lote. Nikazichomeka kwenye simu, sauti ikaja imelegea kama mtu aliyeshinda njaa. Muuzaji akanieleza: hedifoni hizi ni nzito kusukuma, simu haiwezi. Nikamwelewa mara moja. Injini ndogo ya kusogeza mabehewa stesheni, huwezi kuifunga treni ya mizigo ukaipandisha mlima wa Saranda. Ndipo nikanunua amplifaya, hiyo injini kubwa. Lakini injini kubwa ukiitilia mafuta machafu utapata moshi tu, na simu ndiyo mafuta machafu. Nikanunua na kicheza chake, kimashine kinachoisoma rekodi bila kuichafua. Vitu vitatu, na lazima vipatane. Nilijaribu amplifaya nyingine kabla ya hiyo, ilikuwa na nguvu lakini ikanguruma masikioni. Hii na hedifoni wameelewana.

Kwangu vimekaa bure, mimi nimeshashiba. Hedifoni na kicheza atakuletea Magreth, mke wa dereva mwenzangu, anakuja huko kwa treni. Rekodi imo ndani ya kicheza; Julieth amemtumia Advera nayo kwenye simu isije ikapotea, lakini usisikilize kwa simu. Kikomboe kisanduku kwanza. Kisha umtafute Mama. Amesimama wapi, anaimba sauti gani, sitakwambia, nataka umwone mwenyewe.

Na usipige simu, mtandao wa huku mbaya. Andika.

Kaka yako,
Leodgar


Kaliua, 28 Julai 2024

Kaka yangu Leodgar,

Shikamoo, na amani ya Kristo iwe humo ndani. Goti la Baba Advera limepata nafuu. Mtoto ananenepa. Magreth alifika salama, akala ugali wetu, akasema uzuri wa Kaliua ni kwamba mtu akisema anakuja, anakuja.

Mtandao wa Ukonga kuwa mbaya kuliko wa Kaliua, hilo nimeliweka kando.

Nakiri sikukusubiri. Nilichomeka hedifoni kwenye simu ya Advera siku ileile. Walikuwa wanaimba ndani ya mtungi, na mtungi umefunikwa. Nikazivua nikakaa nazo mapajani. Kaka, sijawahi kukwambia hili: nilikuwa nakuonea wivu. Wewe unaye Mama, unamkumbuka anavyocheka, anavyogombeza. Mimi nina picha moja ameangalia pembeni. Nikafikiri, hata leo nimekuja mlangoni na mlango umefungwa.

Kesho yake nikambeba jogoo nikaenda kwa Ngollo. Kisanduku amekiweka juu ya rafu, mbele ya kioo, amekiwasha kwa ajili ya ile taa nyekundu tu. Hakijaunganishwa na kitu.

Nikasema, "Ngollo, nina ombi."

"Mama Advera, kama ni kumnyoa mzee wako, nywele kwanza ziwepo."

Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Kitu hiki kimetoka altareni. Tangu kikae hapo wateja hawakatiki. Unataka kuninyang'anya baraka mchana kweupe?"

"Nimekuja na jogoo."

"Jogoo hana taa."

Wateja wakacheka sana. Mimi nikaona maneno hayatanisaidia. Nikatoa vitu vyako palepale kwenye benchi, nikafuata maelekezo aliyonipa Magreth: kicheza kwenye kisanduku, kisanduku kwenye hedifoni, kirungu kwanza chini kabisa. Sikuanza mimi. Nilimvika Ngollo.

Ukimjua Ngollo, mdomo wake haujawahi kulala. Alisimama mashine ya kunyolea inaunguruma mkononi, macho kwenye ukuta. Mteja wake akaita, "Ngollo, nusu kichwa hii niende nayo wapi?" Akaita tena. Ngollo akainua mkono taratibu, kama mtu anayezuia ng'ombe wasivuke reli. Alipozivua alizungumza chini kwa chini: "Mama, humu kuna watu." Akazima kisanduku mwenyewe, akakifuta vumbi kwa taulo, akanipa. Jogoo alimchukua, alisema ni kwa ajili ya kuikumbuka taa.

Nyumbani niliwafukuza wote uani. Nikasali kwanza. Nikazivaa.

Kaka, nitakwambia nini. Kabla hawajaimba kuna kimya, na kimya kile kina ukubwa. Nilisikia paa lilivyokuwa juu. Nilisikia kiatu kinaburutwa, mtu akakohoa akajizuia, benchi likalia. Mvua ikaanza upande mmoja wa bati ikatembea hadi upande wa pili, nami nikatazama juu, na kumbe ni Julai na jua linawaka. Halafu wakavuta pumzi wote pamoja. Pumzi ile tu, kabla ya neno, ilinisimamisha vinyweleo. Nikafumba macho nikawaona walivyopangana, huyu hapa, yule nyuma yake. Wengi wao wako kaburini tangu zamani, na wanavuta pumzi. Nimekariri Nasadiki maisha yangu yote, ushirika wa watakatifu, ufufuko wa miili, na sikujua nilikuwa nasema nini.

Nyuma kabisa, kama nje ya mlango, kuna mtoto mchanga analia.

Mama sijampata bado. Ni wengi. Lakini sina haraka sasa.

Apolinaria


Ukonga, 18 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku salama, Julieth anakusalimu. Ngollo huyo mpe salamu zangu, mwambie hakuna dereva aliyewahi kusimamisha treni vizuri kama yeye.

Umesema kuna mtoto analia. Una hakika? Sikiliza tena uniambie analia wapi, upande gani, na kama ananyamaza.

Maana nilikuwa nimekubeba mimi. Mama alinipa wewe mgongoni ili aimbe, na wewe ukakataa kulala, padri akaninyooshea kidole nikatoka mlangoni na wewe mvua ikatupiga. Hapakuwa na mtoto mwingine pale nje.

Niandikie kila kitu unachosikia, hata kidogo, hata cha kijinga. Nani yuko karibu, nani yuko mbali. Usifupishe.

Leodgar


Kaliua, 15 Septemba 2024

Kaka Leodgar,

Shikamoo. Joto limeanza, tunasubiri mvua za kwanza, nyuki wa Baba Advera wamehama mzinga mmoja na kuingia mwingine bila kumuuliza mtu.

Basi ni mimi. Nimejisikia nalia. Analia kushoto, mbali, ananyamaza ubeti wa pili. Kuna kitu kama mtu anambembeleza kwa kupiga ulimi. Itakuwa ni wewe. Nimekaa na jambo hilo wiki nzima, nalibeba hadi kisimani.

Kuhusu Mama, nadhani nimempata. Katika sauti ya kwanza, mbele, kuna mwanamke ana sauti nyembamba tamu, ikifika juu inatetemeka kidogo kama maji kwenye sinia. Nikimsikia napata usingizi kama mtoto. Ni yeye, kaka? Niambie ni yeye.

Na nikuulize. Umekuwa na rekodi hii mwaka mzima, na hedifoni, na amplifaya, na kile kicheza. Mtoto huyo hukumsikia?

Nimekupigia tena juzi. Bafuni.

Apolinaria


Ukonga, 6 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima. Mvua zimetunyeshea mapema.

Huyo si Mama. Anayetetemeka juu ni Nyamizi, binti wa mpishi wa misheni, baadaye alikwenda utawani. Alikuwa mtamu kweli. Umemchagua kwa sababu ya utamu. Mama hakuwa mtamu namna hiyo.

Rudi.

Leodgar


Kaliua, 3 Novemba 2024

Kaka yangu Leodgar,

Shikamoo, na pole na mvua. Jana ilikuwa siku ya Marehemu wote, tumekwenda makaburini na mtoto mgongoni.

Barua yako fupi iliniuma. Nilikaa siku kadhaa sizigusi hizo hedifoni. Kisha nikaliona kosa langu: nilikuwa namtafuta mama wa kunibembeleza. Nikawa nachagua, kama mtu anayechagua kitenge. Nikasema leo sichagui. Nitasikiliza kutoka chini, kama anayehesabu miguu kabla ya vichwa. Nikaanza na wanaume wa sauti ya nne, wale wazito. Nikawaacha. Nikapanda kwa wanaume wa sauti ya tatu, wamesimama kulia, karibu na ukuta, maana sauti zao zinagonga kitu na kurudi.

Kaka, mmoja wao si mwanamume.

Nilivua hedifoni nikatoka nje nikanywa maji. Nikarudi. Ni mwanamke. Anaimba chini kama wao, lakini yao ina kifua na yake ina koo. Ni kavu kidogo, imenyooka, haipambi kitu. Hakimbii neno, anafika nalo. Anatamka "Bwana" kikwetu kabisa, kama Shangazi. Na pale mwisho, kwenye Aleluya ile ndefu, wanaume wote wanaishiwa, wanavuta pumzi kwa mara moja. Yeye havuti. Anaendelea peke yake, hapo katikati hakuna mtu mwingine, anaishikilia sauti hadi wao warudi. Ndipo nikakumbuka Shangazi akisema Babu mzaa Mama aliwafundisha watoto wake nyimbo za wapagazi wa njia ya misafara, na kwamba binti mmoja alipenda kuitikia chini pamoja na wazee. Hakusema binti yupi. Wapagazi, wenzao wakibadilisha mzigo begani, lazima mmoja aubebe wimbo usianguke.

Sikulala usingizi kama wa mtoto nilipomsikia. Niliamka. Nilikaa wima kama nimeitwa jina.

Kama siye, basi niambie, nitarudi tena. Lakini sasa na wewe uniambie lako. Umetaka nikuandikie kila ninachosikia, hata cha kijinga. Umeniuliza nani yuko karibu, nani yuko mbali. Umeniuliza mtoto, ukauliza una hakika. Mtu aliyesikia haulizi hivyo. Simu hupokei. Kaka, husikii?

Dada yako anayekupenda,
Apolinaria


Ukonga, 24 Novemba 2024

Apolinaria,

Ni Mayo.

Nimeandika hivyo kama tulivyokuwa tukimwita Mama nyumbani, kwa sababu barua yako nimeisoma nikiwa mtoto. Alisimama na wanaume. Padri alimkataza, akasema wanawake kule, naye akaenda kule akafunga mdomo, kwaya ikayumba, padri akamrudisha kwa mkono wake mwenyewe. Jambo hilo hukuwa na mtu wa kukwambia. Shangazi aliona aibu nalo. Ndiyo maana sikukutajia upande. Ningekutajia ungemsikia hata kama hayupo, ungeniambia ndiyo kaka, nami nisingejua kama ni kweli au ni huruma.

Masikio yangu yamekwisha, mdogo wangu. Ni injini, na honi, miaka yote ile. Yalianza kidogo kidogo nikiwa bado kazini, nikaficha, maana dereva asiyesikia ishara anashushwa. Rekodi ilipokuja nilisema simu ndiyo mbovu. Nikanunua hedifoni. Kwa siku chache nilidhani namsikia, kisha uji ukarudi. Nikasema hazina nguvu, nikanunua amplifaya. Kweli iliongeza, nikasikia kama kuna mlango. Uji ukarudi. Nikasema ni chanzo, nikanunua kicheza. Muuzaji hakunidanganya, vitu vyote vilikuwa vizima na vimepatana. Kilichobaki kubadilishwa kilikuwa kichwani mwangu, na hakiuzwi.

Daktari ameniambia watu wengi wakisema pamoja sitawatenganisha tena, wala simu sitaisikia. Mtu mmoja, karibu, taratibu, huyo nitamsikia, kwa muda. Nikaona bora vifaa viende kwenye masikio yaliyotoka tumbo moja na yangu. Mimi ninamjua na simsikii. Wewe unamsikia na humjui. Nilifikiri tukiandikiana labda atatimia mtu mmoja.

Hapo wanaume wanapovuta pumzi naye asivute, nilikuwa nimelisahau kabisa. Nimeisoma sehemu hiyo mbele ya dirisha, nikaisoma tena. Naijua ilivyokuwa. Siisikii, lakini naijua.

Usimlaumu Julieth. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema bafuni.

Leodgar


Kaliua, 8 Desemba 2024

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo ni sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa, Imakulata, somo wa Mama na wa mjukuu, nami nimetoka ibadani moja kwa moja kuja kukuandikia. Huku wazima. Mahindi yamekwea hadi kiunoni.

Barua yako sikumsomea mtu. Nilimwambia Baba Advera kaka anaumwa masikio, akauliza kama asali ya kutia inafaa, nikamwambia haifai, akasema basi apelekewe ya kula. Kwa hiyo asali inakuja. Nami nakuja nayo, kwa treni, baada ya Noeli. Julieth aniwekee godoro popote. Hedifoni zimebaki kwa Advera, nimemwambia mtoto akipata akili avalishwe, amjue bibi yake mzaa bibi kabla ya mambo mengine.

Mimi sizihitaji kwa sasa. Tangu nipate jibu lako nimekuwa nikimfuata Mama, mstari kwa mstari. Nilikuwa namsikiliza, navua, naimba, navaa tena. Mwanzoni nilikuwa napanda juu kama wanawake wenzangu kanisani, koo limezoea. Sasa limeshuka. Katekista Adriano amenisikia nikitwanga, akanitazama, akaniuliza nimejifunzia wapi sauti ya tatu. Nikamwambia nyumbani.

Nikifika tutamwomba Julieth azime redio na afunge mlango wa barabarani. Utakaa kwenye kiti chako, mimi nitakaa karibu kabisa, upande wa sikio lililo bora, na nitaimba taratibu. Hakutakuwa na kwaya, hakuna mvua, hakuna mtoto. Ni mstari wake mtupu, kama alivyouacha. Sijui kama sauti yangu inafanana na yake. Mtu pekee anayeweza kusema ni wewe.

Kazi yangu ngumu ni ile pumzi ya mwisho. Bado inanikatika katikati. Leo asubuhi nimeifikisha mara ya kwanza, njiani, kabla ya reli, na nikabaki nimesimama pale nikiwa na hewa imebaki kifuani.

Apolinaria, binti Imakulata